Kofia Iliyofuliwa

Kitu cha kwanza alichokiona ni mkunjo. Suruali ya karani ilikuwa imetundikwa kwenye waya karibu na dirisha, na mguu wake ulikuwa na mkunjo mmoja tu, umenyooka toka kiunoni mpaka chini kama uzi uliovutwa. Kimya, binti wa dobi, aliisogelea, akaishika kwa ncha za vidole. Akageuza mguu wa pili. Mmoja tena. Kwa miaka mingi suruali zilizopita mikononi mwa baba yake zilitoka na mikunjo miwili, mmoja ukiukimbiza mwenzake, kwa sababu mkono ulitetemeka na pasi ikateleza. Wateja walilalamika, wengine wakahama. Waliobaki walibaki kwa kuwa Kimya alikuwa akizirudia nguo kabla hazijafungwa kwenye karatasi.

Suruali hii hakuirudia yeye.

Si kawaida yake kusema. Jina hilo la Kimya alipewa na shangazi yake angali mdogo, likamganda hata majirani wakalisahau lile alilozaliwa nalo. Alirudi kwenye karai lake la sabuni akainama, lakini moyo ulimwenda mbio kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na anahofia mwenyewe atatokea.

Baba yake alikuwa amesimama mezani akipuliza makaa ya pasi. Mtaa mzima ulimwita Mkunjo, jina la heshima alilolipata ujanani, wakati watu waliposema suruali yake inaweza kukata mkate. Baadaye, tungi la pombe lilipomshika, watu wakaendelea kumwita hivyohivyo, ila sasa walikuwa wakicheka.

"Unatazama nini?" aliuliza bila kuinua uso.

"Hakuna, baba."

"Umeitazama suruali."

"Ndiyo."

"Basi sema imekaaje."

"Imekaa."

Mkunjo akacheka puani. "Imekaa! Ningekuwa na wateja wanaosifu kama wewe, ningefunga duka nikalime."

Kimya alitabasamu ndani ya karai. Chumba kilinukia wanga na pamba ya moto, harufu ileile ya utoto wake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu haikuchanganyika na ile nyingine. Zamani, kabla hajajua kusoma, kabla hajajua vilevile kwamba kusoma kwenyewe kutakatizwa katikati, alikuwa akilala alasiri chini ya meza hii. Baba yake alimshushia shuka moja moja zikiwa bado na joto la pasi, na huku akifanya kazi alimsimulia wenye nguo. Hili gauni ni la mwanamke anayetaka kuolewa na asiyemtaka. Tazama ameshona vifungo upya mara ngapi. Hili shati ni la mwalimu, kiwiko kimeisha kwa kuegemea meza. Kimya aliwajua watu wa mtaa kwa nguo zao kabla ya kuwajua kwa sura. Hata leo, akipita njiani, huona shati kwanza.

*

Habari ya mashine ililetwa na shangazi. Yeye alikuwa mfagiaji katika hospitali kubwa, na kwa kupiga deki ukumbi ule kila asubuhi alisikia mengi. Alisikia kwamba kuna daktari anayewatafuta watu walioshindwa kuacha pombe, apate kuwajaribu kwa mashine ya sumaku. Hawachomi sindano, hawalipishi. Unakaa kwenye kiti, unazibwa masikio, unawekewa kichwani kitu mfano wa vijiko viwili vikubwa vilivyobebana, nacho kinagonga ta-ta-ta-ta-ta kama ndege atoboaye mti, kisha kinapumzika, kisha kinagonga tena.

Daktari alikuwa amewaeleza wote wawili, baba na binti, kwa maneno mepesi. Katika ubongo ipo sehemu inayosema hapana. Kwa mtu aliyekunywa miaka mingi, sehemu hiyo huwa kama mlinzi aliyesinzia getini. Sumaku humgonga bega mlinzi aamke. "Wengine wamepata nafuu, wengine hawakupata. Ndiyo maana tunajaribu," alisema. "Sikuahidi kitu, mzee wangu."

Mkunjo aliipenda sana hiyo sikuahidi. Alisema ahadi amepewa nyingi na ametoa nyingi zaidi.

Siku ya kwanza daktari alimpima kichwa kwa utepe, toka katikati ya macho hadi kisogoni, toka sikio hadi sikio. "Unanishonea nini?" Mkunjo aliuliza, na hata wauguzi walicheka. Kisha daktari akawa anagongesha mashine hapa na pale, polepole, akiutazama mkono wa mzee, mpaka mahali fulani dole gumba likaruka lenyewe juu ya paja. Mkunjo alikodoa macho kulitazama dole lake kama mtu aliyemwona mkewe akiitikia jina geni. Kutoka hapo daktari alipima tena, akaweka kwa kalamu alama ya mahali pa kugonga kwenye kofia nyeupe ya kitambaa iliyombana kichwa. Kofia zilipochanganyika hapo awali ilitokea fujo, kwa hiyo kila mgonjwa aliambiwa abebe yake nyumbani. Usiipoteze. Usimwazime mtu.

Sheria nyingine ilikuwa ya kupuliza. Kila ajaye hupuliza kwenye kijimashine kidogo mlangoni. Pombe ikionekana, nafasi inakwenda kwa mwingine, maana waliosubiri walikuwa wengi.

Mama yake Kimya alikuwa kwa kaka yake tangu kabla ya hayo yote. Alipopelekewa habari alijibu: amalize kwanza, kisha mniite. Nikiitwa kwa ahadi siji. Basi Mkunjo alikwenda, akapuliza, akagongwa, akarudi. Wiki ya kwanza hakukubadilika kitu ila aliumwa kichwa. Wiki ya pili alipita mbele ya kilabu cha pombe mchana kweupe, akafika nyumbani, ndipo akakumbuka kuwa amekipita. Alikaa kwenye kizingiti akisema, "Nimekipita. Kimya, nimekipita kama duka la misumari."

Na sasa, wiki hii ya tatu, mkunjo.

*

Asubuhi ile waliondoka pamoja. Mkunjo alikuwa amebeba kifurushi cha karatasi kilichofungwa kwa uzi, fundo la dobi, lile la kuvuta mara moja likafunguka. Kimya alidhani ni nguo ya mteja wa huko njiani.

Mlangoni pa hospitali baba yake alipuliza, kijimashine kikanyamaza. Kwenye benchi walikaa watu kadhaa waliokwisha kuzoeana: dereva mmoja aliyeachishwa gari, mwanamke mpishi wa hoteli, mzee mmoja aliyekuwa hasemi zaidi ya Kimya. Kila mmoja ameshika kofia yake, chafu ya jasho, imechorwachorwa. Mkunjo alikaa kati yao amenyoosha mgongo, na kifurushi chake juu ya magoti.

Alipoitwa, alivuta uzi. Ndani ilikuwamo kofia. Ilikuwa nyeupe kuliko siku iliyotoka kiwandani, imetiwa wanga, imesimama yenyewe mkononi kama bakuli.

Dada wa mashine, msichana mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, aliipokea, akaivaa miwani yake, akaigeuza nje ndani.

"Hii nini?"

"Kofia yangu, daktari."

"Mimi si daktari. Kofia yako ilikuwa na alama."

"Ilikuwa na uchafu," alisema Mkunjo kwa adabu. "Kalamu kalamu hivi, kama imechezewa na mtoto. Na jasho. Nikaona haya kuja nayo mbele zenu, mtu mzima. Nikailoweka, nikaianika juani, nikaipiga pasi nje na ndani. Hata pale palipokuwa pamegoma nimepang'arisha."

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. Dereva alijipiga mapaja. "Jamani, amefua dawa!"

"Mzee," alisema dada wa mashine, "wewe kazi yako nini?"

"Dobi."

"Dobi, na hujui alama?"

Hapo uso ulimshuka. Kimya, aliyesimama mlangoni, aliona jinsi baba yake alivyoitazama ile kofia, akaelewa taratibu, toka juu kwenda chini, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Kila nguo iliyowahi kuingia chumbani mwao ilitiwa alama ndani ya kola. Alama ndiyo iliyokuwa ikiwatenganisha watu na watu. Kwa maisha yake yote alama alizitia yeye; hakuwahi kudhani kwamba na yeye anaweza kutiwa.

"Nipime tena basi," alisema kwa sauti ndogo. "Utepe si upo? Nitakaa kimya."

"Siruhusiwi. Kazi ya kupima ni ya daktari, naye amesafiri. Nikibahatisha nitakuwa nagonga ukuta, sigongi mlango." Dada wa mashine sasa hakuwa anacheka, alikuwa amevua miwani. "Njoo Jumatatu atakapokuwa amerudi. Ila mzee, Jumatatu utapuliza. Tafadhali."

"Leo ni Jumatano," alisema Mkunjo.

"Najua."

Shangazi aliwakuta ukumbini, fagio la deki mkononi, habari imeshamfikia. "Kaka yangu!" alisema, na wauguzi waliopita waligeuka. "Nimekuombea nafasi hii kwa magoti, mimi, mbele ya watoto wadogo wenye makoti. Nimesema kaka yangu ni mtu safi. Ndiyo ukaamua kuwaonyesha ulivyo safi?"

"Punguza sauti, dada."

"Nipunguze wapi? Wote wamejua. Mpishi ameniuliza kama unafua na vidonge."

Kimya alimshika shangazi kiwiko, akakibana kidogo. Shangazi alimtazama, akashusha pumzi, akasema taratibu, "Haya. Nendeni nyumbani. Na wewe mama," maana ndivyo alivyomwita akimhurumia, "usimwache peke yake."

*

Habari iliwatangulia mtaani. Fundi viatu wa ng'ambo ya njia, rafiki wa Mkunjo wa glasi na glasi, alivuka amevaa kiatu kimoja mkononi kama glavu.

"Nasikia umepiga pasi ubongo wako wote, umenyooka hauna kona."

"Ondoka hapa," alisema Mkunjo, lakini midomo ilimcheza.

"Sasa mashine imesimama, si mapumziko hayo? Hata shule zinafunga. Jumapili tunakaa palepale. Njoo ukae tu, unywe soda, utuhesabie vizibo."

"Nina kazi."

"Kazi ya nani? Bubu wako huyu anafanya zote." Alimkonyeza Kimya. "Au siyo, bubu wetu? Mwambie mzee apumzike."

Kimya alizidi kukamua shuka mpaka ikakauka mkononi.

Alhamisi ilikwenda vizuri. Ijumaa Mkunjo alimaliza nguo zote za wateja kabla ya adhuhuri, akapiga pasi mapazia. Jumamosi alipiga pasi vitambaa vya kukaushia vyombo, halafu leso zake za mfukoni, halafu akachukua gazeti kuukuu lililokuwa la kufungia na kulinyoosha ukurasa kwa ukurasa. Kimya alimtazama bila kumtazama. Mkono haukutetemeka. Ni macho ndiyo yaliyokuwa hayatulii. Kila mara yalikwenda mlangoni, yakarudi.

"Sijui kama ni ile mashine au ni mimi," alisema ghafla, pasi imesimama hewani. "Unajua ninalouliza? Wakinigonga kila siku, siitaki. Sasa hawanigongi. Nikiitaka, nani aliyekuwa anakataa siku zote hizi?"

Kimya alitamani kumjibu. Alimpelekea chai.

"Imekuwa kimya sana nyumba hii," alisema baba yake. "Hata chai inasikika ikishuka."

*

Jumapili alasiri, kazi hakuna, mtaa umejaa watu waliovaa nguo zilizofuliwa na baba na binti. Mkunjo alitoka chumba cha ndani amevaa shati lake la buluu. Alikuwa amelinyoosha mwenyewe, mikono mirefu, mkunjo toka bega hadi kifundo cha mkono. Alikuwa amenyoa. Alisimama mbele ya kioo kidogo kilichopasuka akajifunga vifungo vya mikono, na moyoni Kimya aliwaza kwamba hivyo ndivyo mama alivyomwona mara ya kwanza, kabla ya yote. Ilimuuma jinsi alivyopendeza.

"Nakwenda kuwasalimia," alisema. "Kusalimia tu."

Kimya aliweka chini sahani aliyokuwa akiisugua.

"Usinitazame hivyo. Mimi si mfungwa. Soda moja, maneno mawili, narudi. Kesho napuliza, wataona." Alivaa viatu, akafunga kamba moja, akaanza ya pili, na akiwa ameinama vile alianza kuzungumza kwa sauti laini, sauti ya zamani, ile ya chini ya meza. "Unajua kinachoniuma, mwanangu? Si hamu. Hamu nimeizoea. Kinachoniuma ni kwamba nimekuwa mtu mkavu. Zamani nilikuwa naingia humu ndani nyumba inawaka. Hukumbuki? Nikitokea pale kona nikiimba, wewe umeshatoka mlangoni, mdogo hivi, na kicheko chako kile. Ulikuwa unacheka mpaka unakaa chini. Nikiimba unacheka, nikianguka unacheka, nikimwiga mjumbe wa mtaa unacheka. Hakuna aliyewahi kunichekea namna ile. Tangu nianze haya mambo ya hospitali sijakusikia hata mara moja." Akamaliza kufunga kamba, akainuka. "Nikirudi nimechangamka kidogo, kidogo tu, nitakuimbia. Nawe utacheka kama zamani."

Alinyoosha mkono kwenye komeo.

Kimya alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Hakujua alivyofika. Mgongo wake uligusa mbao, na komeo likambonyeza ubavuni. Huko nje fundi viatu alipiga mluzi, mmoja mrefu.

"Nipishe, mwanangu."

Alitikisa kichwa.

"Basi sema. Kama una neno sema, usinisimamie kama nguzo. Unataka niwe mkavu hivi mpaka nife?"

"Nilikuwa nacheka kwa woga, baba."

Ilitoka ndogo sana, hata Mkunjo akainamisha sikio. "Umesema?"

"Nilikuwa nacheka kwa woga." Sasa ilisikika. Kimya alikuwa akitazama kifungo cha tatu cha shati la buluu, maana usoni hakuweza. "Nikikusikia kona nilikuwa nasikiliza kwanza unaimba wimbo gani. Kuna uliokuwa mzuri na kuna uliokuwa mbaya. Nikitoka mbio nikacheka kabla hujafika mlangoni, ulikuwa unafurahi, unaniimbia mimi. Nisipowahi, ulikuwa unaingia ndani kumtafuta mama. Siku niliyokuwa na homa sikutoka. Unaikumbuka?"

Mkono wa Mkunjo ulikuwa bado umenyooka kuelekea komeo, umepita karibu na bega la binti yake, na Kimya aliona dole gumba limetulia kabisa.

"Nilikuwa nacheka mpaka nakaa chini kwa sababu miguu ilikuwa imeisha nguvu," alisema.

Mluzi ulilia tena nje. Kisha sauti ya fundi viatu: "Mkunjo! Soda inapata joto!" Na watu wakacheka huko.

"Siku zote?" aliuliza baba yake.

"Siku zote."

"Hata ile ya mjumbe? Nilivyomwiga mjumbe?"

Kimya alifikiri, kwa kuwa alitaka kusema kweli. "Ile ya mjumbe ilichekesha kidogo."

Kitu kama kicheko kilipita usoni kwa Mkunjo, hakikukaa. Alirudisha mkono. Alitazama chumba chake, meza, pasi iliyopoa, waya usio na nguo, kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa. Halafu alirudi nyuma akajikalisha juu ya bunda la shuka za hoteli, shati lake zuri likajikunja tumboni, na hakulinyoosha. Aliinama akaanza kufungua kamba za viatu. Ilimchukua muda. Alivua cha kwanza, akakishika mkononi.

"Jumapili njema basi!" alipaza sauti kuelekea mlangoni. "Leo sitoki!"

"Bubu amekukataza?" ilijibu sauti ya nje.

"Ndiyo," alisema Mkunjo. "Amekataza."

Walisikia hatua za fundi viatu zikienda, na maneno yake yakienda nazo. Mkunjo alivua kiatu cha pili, akavipanga viwili ukutani, visigino pamoja. Alikaa hivyo na soksi zake, ameiweka mikono juu ya magoti.

"Na leo?" aliuliza bila kuinua uso. "Hapa mlangoni. Uliponisimamia."

Kimya alikuwa bado ameegemea mbao. Miguu yake ilikuwa inatetemeka kama zamani, naye aliiacha itetemeke.

"Leo nimeogopa vilevile, baba," alisema. "Ila sikucheka."